Mkurugenzi wa Karatasi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata akili ambayo kambi nzima ya Dzaleka haijawahi kuiona! Kampuni moja kule Kanengo inataka sabuni, katoni mia kila mwezi. Bila mkataba huo karakana yangu haifiki Pasaka. Lakini kiongozi lazima awe mwanamke. Wanasema akina mama wakiongoza, uchafu haumwagwi ovyo. Sawa! Mwanamke ninaye nyumbani. Mke wangu Régine atakuwa mkurugenzi kwenye karatasi, mimi Lwaboshi nitabaki mkurugenzi kwenye karakana. Nimemwambia aweke sahihi. Ameuliza sahihi ya nini. Nimemwambia ya kawaida.

Jumapili, 9 Machi

Fomu ya kampuni inataka ushahidi kwamba jamii inamtambua kiongozi. Ushahidi gani unashinda kanisa? Mchungaji Nsengimana amemwekea Régine mikono kichwani, ameuombea uongozi wake dakika arobaini. Nimepiga picha kumi na moja. Kanisa lote limesema amina. Yangu ilisikika kuliko zote.

Jumanne, 11 Machi

Mkurugenzi amekuja kazini! Nani kamwita? Njiani watu wanamwita Mama Direktrisi, naye anaitika. Ameuliza maji yenye soda kali ya kupikia sabuni yanakwenda wapi. Nimesema yanakwenda. Amelifuata bomba langu hadi bustani ya jirani yetu Mama Olga, ambaye mboga zake zinakauka tangu Januari. Amerudi macho mekundu. "Baba Akeza, njo we uko unauwa mboga ya Mama Olga? Na tulikuwa tunamupa pole!"

Amesimamisha kazi hadi lichimbwe shimo la kuchuja maji. Nimekimbia kwa mchungaji amwondoe. Amesema aliyewekwa kwa maombi haondolewi kwa sababu ya bomba. Halafu akaniuliza kama amina yangu ilikuwa ya kweli.

Ijumaa, 14 Machi

Mkaguzi amefika kutoka Kanengo, mama wa Kimalawi mwenye viatu safi. Bomba nilikuwa nimeshalifunika kwa magunia. Nikamweleza habari za miti, hata ndege nikawataja. Régine akaenda moja kwa moja, akayaondoa magunia, akamsimulia kila kitu kwa Kichewa chake cha sokoni. Nilitamani ardhi inimeze. Mkataba kwaheri!

Mkaguzi akasema zikomo, yaani asante, mara tatu. Akasema kila anakokwenda anafichwa, huyu ni wa kwanza kumwonyesha. Mkataba tumepata! Sharti ni moja: bomba litolewe, na aliyeliweka asiwe tena kwenye uongozi.

Inauma. Karakana hii niliianza na sufuria moja ya marehemu mama, na leo nimemkabidhi Régine funguo.

Jumamosi, 15 Machi

Tangu asubuhi nachimba shimo. Mama Olga ameleta kiti, anakaa pembeni kunielekeza. Mgongo umekwisha, lakini kichwa kinafanya kazi vizuri sana, na kosa nimeliona: nilichagua mwanamke anayeongea.

Basi nafungua karakana nyingine, ya makaa ya pumba. Yangu mwenyewe. Mkurugenzi wa karatasi atakuwa mama mkwe wangu, Annuarite. Mpole kabisa! Huu mwaka wa kumi na mbili tangu harusi, hajanisemesha hata neno moja.

Mchungaji nimeshamwona. Anamwombea kesho, ibada ya kwanza.