Kadi za Viti na Kundi Sifuri

Jumatatu, 6 Mei
Harusi ya binti yangu ni Jumamosi. Jirani yetu, mchora mabango, amejitolea kuandika kadi za viti kwa mkono wake mzuri. Mke wangu akamwita fundi. Mimi, mwalimu mstaafu, nimekaa pale pale! Nikasema kompyuta itazimaliza kabla chai haijapoa. Binti akanisihi, Baba, usiharibu, Mama Mkubwa ndiyo kwanza amekubali kuja. (Ni dada wa mke wangu. Alitususa kwa sababu ya maneno yangu fulani.) Asipokuwepo, anasema binti, harusi haina raha.

Jumanne, 7 Mei
Wageni wote wamo kwenye faili langu. Kila mgeni na mstari wake: jina, kistari, kisha maoni yangu ya siri ya kupangia viti. Kadi inataka jina tu. Rahisi! Unaipa kompyuta ruwaza, yaani umbo la mstari: (.+) - .+
Unachokitaka unakizungushia mabano; hapa ni maandishi yoyote yaliyo kabla ya kistari. Kinachonaswa humo huitwa kundi, nawe unakiomba kwa namba. Nimemweleza mke wangu haya yote taratibu. Amesema nisogeze miguu, anafagia.

Jumatano, 8 Mei
Binti anasema niombe kundi namba moja. Maskini. Nimemchorea mchoro: kompyuta huanza kuhesabu kwa sifuri, kwa hiyo kundi la kwanza ni sifuri. Akaniomba nizikague kadi. Nikague hesabu? Nimezituma moja kwa moja kwa mpiga chapa.

Jumamosi, 11 Mei
Kumbe kundi sifuri ni mstari mzima ulionaswa. Siri na yote!
Mjomba, anayekula kwa watatu, amejisoma na kucheka. Jirani amejisoma: “Mchora mabango - ajisifu mbali na mimi.” Mama Mkubwa amejisoma: “Mama Mkubwa - mwepesi wa kususa, akae mlangoni.”
Akasusa. Mlango ulikuwa karibu mno.
Binti akamkimbilia barabarani na gauni lake. Jirani akashika mkasi, akakata kila kadi kwenye kistari. Majina tu yakabaki. Watu wakampigia makofi! Mama Mkubwa akarudi kwa sharti moja: kesho nimwombe radhi kila mgeni kwa ujumbe wa simu. Binti akalia kwa furaha. Nikakubali.

Jumapili, 12 Mei
Safari hii nimemtii binti: kundi namba moja. Mistari yote nimeiandika upya, samahani ya kutumwa na ukweli wangu binafsi wa kubaki kwenye faili, kistari katikati. Ruwaza ile ile. Nimeboresha jambo moja tu: samahani isiyotanguliwa na ukweli haina uzito, kwa hiyo ukweli nimeuweka kabla ya kistari na samahani baada yake.
Nimetuma zote. Mama Mkubwa anapiga simu tayari. Bila shaka anataka kufafanuliwa.