Zebra ya Mlangoni Kwangu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi kali. Mlima haujaonekana siku ya nne. Magoti yananiuma, na mashine ya fotokopi inakohoa kuliko mimi. Miaka kumi na moja ya steshenari, na bado wengi huingia kuazima kalamu tu.

Mkutano ofisi ya mtaa, saa nne. Injinia Jackline kutoka halmashauri ya jiji alitandaza mchoro mezani. Barabara yetu inapangwa upya. Magari yatapunguziwa nafasi, baiskeli zitapata njia yake, waenda kwa miguu njia yao, na itachorwa zebra ya kuvukia watu, juu ya tuta. Moja tu! Ameichora kona ya zahanati, yaani mbele ya duka la baiskeli la Sifaeli, hatua mia hivi kutoka kwangu. Sifaeli alikunywa chai tu. Mtu anayekunywa chai vile ana lake jambo.

Nilisimama nikaeleza, kwa niaba ya wananchi, kwamba watu wengi huvukia mlangoni kwangu. Injinia akajibu kwamba Alhamisi watahesabu kwa majaribio, na pale watu watakapovukia kwa wingi ndipo zebra itakapowekwa.

Nimechoka, lakini wazo limeingia na halitoki. Watu wote wa mtaa wapitishwe mlangoni kwangu! Kati yao hakosekani mwenye cheti cha kutolewa kopi.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda kumwona Mama Kaanaeli, mwalimu wa kwaya ya akina mama usharikani. Shikamoo yangu ilikuwa ndefu kuliko kawaida, akashtuka. Nikamwambia kwaya yake inaimba vizuri ila haijui kutembea, na sikukuu ya mavuno haiko mbali. Alikasirika. Nikamshauri wafanye mazoezi ya maandamano kesho, kwa majoho kamili, wakivuka barabara na kurudi. Akauliza kwa nini barabarani. Nikasema kwa sababu ya lami, maana kwenye nyasi huwezi kusikia nani amekosea hatua. Akakubali! Sijui hilo nilitoa wapi.

Jioni mke wangu Tabea akaniuliza nilikuwa wapi mpaka nimerudi nikitabasamu. Nikamwambia usharikani. Haukuwa uongo.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya kuhesabu. Binti mmoja aitwaye Diana alikaa kwenye kiti mbele ya duka langu, na kidude cha kubonyeza mkononi. Mwenzake alikaa kona ya zahanati. Nikampelekea chai. Alikunywa bila kuacha kubonyeza. Mtaalamu.

Saa tatu kwaya ikafika. Majoho ya zambarau, viatu vyeusi, wanawake ishirini na sita. Walivuka. Wakarudi. Mama Kaanaeli hakuridhika na mguu wa kushoto wa sauti ya pili, wakarudia. Mivuko kumi na nne kwa jumla! Malori yalisimama, madereva wakavua kofia wakidhani ni msiba. Diana alibonyeza mpaka akabadilisha kidole.

Kisha akatokea Lesian na mbuzi wake, anaelekea mnadani Kisongo. Nikamwomba awapitishe hapa. Diana akasema mbuzi hawahesabiwi. Nikamwuliza kama mbuzi hawaendi kwa miguu. Akanigeuzia mgongo. Basi.

Nimesimama kutwa nzima. Miguu imevimba.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeshinda! Kona ya zahanati imeachwa mbali. Jumamosi walichora zebra mlangoni kwangu, nyeupe kama meno, pamoja na njia ya baiskeli na vinguzo vya plastiki vya kuzuia magari. Tuta litafuata majaribio yakifaulu. Leo kutwa nzima nimeitazama kama mtoto mchanga.

Sifaeli alikuja kuiangalia pia. Akasema rangi ni nzuri. Kisha akauliza, taratibu, wagonjwa watavukia wapi. Nikamwambia wana miguu, watatembea. Akaondoka. Wivu ni ugonjwa.

Jumatano, 11 Juni

Wanaovuka wanaendelea na safari zao. Hakuna anayeingia. Mmoja aliingia, akauliza choo.

Saa mbili asubuhi kulikuwa na kelele upande wa zahanati. Nilitoka polepole, nikidhani ni wapiga debe.

Alikuwa Tabea.

Kila siku huvuka pale na sufuria ya uji kuwapelekea wagonjwa, maana geti la zahanati liko pale pale. Nani abebe uji wa moto mpaka dukani kwangu na kurudi? Bodaboda ilimgonga ubavuni. Nilimkuta amekaa kwenye lami, uji umetapakaa, anauliza kama dereva ameumia. Sifaeli alikuwa ameshafika. Alikuwa amemvulia koti lake, akasimama katikati ya barabara kuzuia magari kwa mikono miwili. Tukampakia kwenye guta lake la magurudumu matatu, akaendesha yeye mpaka hospitali, maana zahanati haina eksirei. Mimi nilikimbia nyuma nimeshika kiatu kimoja cha Tabea.

Mkono umevunjika juu kidogo ya kiganja. Wamesema utapona.

Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 12 Juni

Tabea yuko nyumbani, mkono umefungwa POP, ile plasta ngumu. Nilimpikia uji. Uliungua. Alikunywa.

Akasema amesikia habari za kwaya. Mama Kaanaeli alikuja kumjulia hali na akasifu sana ushauri wangu kuhusu lami. Tabea akasema, "Baba Nice, zebra ilikuwa yangu. Ukaihamisha."

Kisha akageukia ukutani, akalala. Heri angefoka.

Nikaenda jijini kwa miguu kumwona Injinia Jackline. Nikaeleza yote. Aliandika, kisha akaweka kalamu chini akauliza, "Kwaya nzima?" Nikasema sauti zote nne. Akasema kweli alishangaa kuona watu mia tatu sitini na nne wamevuka mahali penye steshenari tu, akajilaumu kwamba haujui vizuri mji huu. Zebra itarudi kona ya zahanati wiki hii. Nikashukuru. Nilikaribia kulia, na si kwa ujanja.

Nilipofika mlangoni akaniita tena. Wakati wa kuchora mlangoni kwangu walipima. Kibaraza changu kiko ndani ya hifadhi ya barabara, hatua mbili nzima.

Jumanne, 17 Juni

Alama ya X nyekundu ukutani, kubwa, ya mtu mwenye mkono mzuri. Kibaraza kiondoke ndani ya siku saba.

Nimeanza kukibomoa mwenyewe. Mapigo matano, pumzi imekwisha. Sifaeli akaja na nyundo yake bila kuitwa. Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. Nikamwuliza kama amefurahi kuipata zebra yake. Akasema wateja wake huingilia mlango wa nyuma, zebra haimwongezei hata mmoja. Ila kwa miaka minne amenyanyua watu tisa pale kona. Tabea alikuwa wa kumi.

Nikaendelea kugonga. Vumbi liliniingia machoni. Lilikuwa vumbi kweli, lakini si lote.

Jumatatu, 30 Juni

Mlima umeonekana asubuhi, wote mpaka kileleni.

Nimemsindikiza Tabea na sufuria. Alisimama ukingoni, akainua mkono wenye POP. Lori la mchanga likasimama. Baiskeli tatu zikasimama. Akavuka kama mama mchungaji, hakuharakisha hata hatua moja. Nikasimama nikiona fahari na haya kwa pamoja. Nimeahidi moyoni kukaa kimya, kutoa kopi, na kuacha mambo ya barabara kwa wenye barabara.

Saa sita nikapita ofisi ya mtaa. Kuna tangazo. Njia mpya ya waenda kwa miguu haina jina, na wananchi wanaalikwa kupendekeza jina la mtu aliyejitolea kwa ajili ya barabara hii. Sahihi hamsini zinatosha.

Nani alibomoa kibaraza chake kwa mikono yake mwenyewe? Njia ya Solomoni Sumari! Inasomeka vizuri hata kwa mbali.

Nimefunga duka mapema. Nina kalamu za rangi nne na karatasi za kutosha. Sahihi kumi na mbili tayari. Za mkono wa kushoto zimetoka vizuri zaidi, huwezi kabisa kudhani ni mtu yule yule.