Magoli Manne kwa Ndugu Makarius

Jumatatu, 7 Juni 1976. Katumba.

Hatimaye! Msimu huu kituo cha kununulia tumbaku kitakuwa na kibanda cha chai. Kimoja tu. Mwenye kibali atakaa kivulini huku watu mia mbili wakisubiri mizani, wana njaa, hawana pa kwenda. Miaka minne nimelima hapa kwa mikono iliyozoea chaki. Nina miaka hamsini na sita. Nisipopata kibanda hiki nitafia kwenye matuta ya tumbaku.

Kibali atakitoa Ndugu Makarius, bwana shamba, Jumanne ijayo. Mwombaji mwingine ni mmoja: Venant, jirani yangu, miaka thelathini, mtu ambaye hata maji anayaunguza.

Lakini mimi ninasoma. Kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi kinasema kwamba wafanyabiashara wengi waliofanikiwa ni wanamichezo. Sababu ya kwanza: mchezo humkutanisha mtu na watu wenye nafasi. Sababu ya pili imechanika. Sikuihitaji. Ndugu Makarius anacheza mpira! Jumamosi timu ya ofisi inakutana na timu ya kijiji chetu.

Jumatano, 9 Juni.

Nahodha wa kijiji ni nani? Venant! Nimemwomba nafasi. Amecheka mpaka akakaa chini. Shikamoo aliitoa katikati ya kicheko, jambo ambalo simsamehe. Akasema, Mwalimu, mzee wangu, wewe utubebee maji. Nikamweleza kwamba nilicheza shuleni mwaka 1937. Akauliza kama wakati huo mpira ulikuwa tayari wa duara.

Mwishowe nimepewa golini. Pale pana changarawe, na hakuna mwingine anayetaka kuangukia hapo.

Mazoezi. Mpira wa kwanza umenipata tumboni, wa pili kwenye miwani. Mara ya mwisho kukimbia ilikuwa 1972, tulipovuka mpaka kutoka Burundi, na siku zile hakuna aliyehesabu magoli. Mapafu hayajasahau. Jioni Apollinarie, mke wangu, amenikanda kiuno kwa maji ya moto. Ameuliza kwa nini mtu anayetaka kuuza chai asianze kwa kujifunza kuipika. Yeye hakusoma gazeti.

Ijumaa, 11 Juni.

Nimeona njia! Kwetu Rutana mtu hakwenda kwa mkubwa mikono mitupu. Alipeleka mtungi wa pombe, na kama ombi lilikuwa zito, ndama. Sina mtungi. Ndama wangu sijui leo anachungwa na nani. Lakini nina goli! Nitampa Ndugu Makarius goli, naye atakumbuka mikono iliyompa. Venant ni beki, hana adabu, atamkaba. Ajiharibie mwenyewe.

Jumamosi, 12 Juni.

Tumefungwa manne kwa matatu. Yote manne ya Ndugu Makarius. Yote manne yangu!

La kwanza niliruka kushoto, mpira ukapita kulia. La pili nilifunga kamba ya kiatu. La tatu nilisimama tu, kwa heshima. La nne sikuliona, miwani ilikuwa na vumbi, lakini nalihesabu.

Kina mama wa upande wetu wameniita mlango wa kanisa, kila mtu anaingia. Mmoja ameniuliza kama nataka aniletee kiti. Mimi, niliyewafundisha watoto wao kusoma!

Hata hivyo, furaha moja. Kabla ya goli la nne Venant alimpiga Ndugu Makarius buti la mguu, mzee mzima akaanguka kama gunia. Nikajisemea, kibanda sasa ni changu! Lakini Venant alimwinua, akampangusa vumbi, wakabishana kama aligusa mpira kwanza, kisha wakacheka wote wawili. Mkubwa anacheka na mtu aliyemvunja! Unafiki ulioje.

Jumapili, 13 Juni.

Nimedhulumiwa. Naandika kwa utaratibu ili ijulikane.

Kwetu anayetoa zawadi huitaja mbele ya watu, kwa sauti, akipiga makofi, isije ikasemwa baadaye kwamba ilijileta yenyewe. Baada ya misa Ndugu Makarius alikuwa nje ya kanisa akiwasimulia watu goli la nne. Alikuwa ameweka kofia chini kuwa mpira, anawaonyesha alivyougeuza mguu ingawa anachechemea. Nikasogea. Nikapiga makofi. Nikatangaza kwamba magoli yote manne nilimpa mimi, Celestin, kwa moyo mmoja, na ninaomba ayapokee.

Mtu mmoja akacheka, kisha kanisa zima. Ndugu Makarius akaokota kofia yake. Akaniuliza, hata lile la nne, Mwalimu? Nikasema hilo hasa.

Hapo Venant akajipenyeza. Akaapa kwamba la nne lilikuwa goli la kweli, yeye alikuwepo, alijitahidi kwa nguvu zote na likampita. Ndugu Makarius akamshika mkono na hakuuachia mpaka barabarani. Mwizi wa zawadi! Goli langu, shukrani zake!

Jumanne, 15 Juni.

Kibanda amepewa Venant.

Nilikwenda ofisini kudai maelezo. Ndugu Makarius alinipa kiti, hilo nakiri. Akasema, Mzee wangu, mtu anayenipa goli leo, kesho atanipa chai isiyo na sukari, aniapie kwamba ni tamu. Lakini yule kijana alinipiga buti mbele ya watu, nikajua hatanidanganya. Nikamkumbusha kwamba mimi ni msomi. Akaniuliza kama nimepona kiuno.

Nyumbani nimekuta jingine. Apollinarie ameajiriwa na Venant kukaanga maandazi. Amekubali bila kuniuliza! Anasema Venant alikiri waziwazi kwamba hajui kupika, na mtu akisema kweli, mama hawezi kumkatalia. Kwa hiyo mke wangu yuko kivulini, na mimi niko kwenye matuta.

Ijumaa, 18 Juni.

Siku tatu nimefikiri, jembe mkononi. Kosa nimeliona. Halikuwa langu, lilikuwa la gazeti. Sababu ya pili, ile iliyochanika, sasa naijua: mkubwa lazima apigwe buti. Venant alimpiga, akapata kibanda. Ni hesabu rahisi.

Kesho anakuja bwana afya mpya kutoka Mpanda. Inasemekana ataruhusu kibanda cha pili, mbele ya zahanati. Nimeulizia. Hachezi mpira, ana umri kama wangu na anatembea na mkongojo. Si kitu. Nitamngoja pale Land Rover inaposimama, na akiteremsha mguu tu, nitaanza.

Asubuhi nzima nimefanya mazoezi kwenye mgomba. Venant ameniazima viatu vyake vya kuchezea mpira, na mjinga yule hakuuliza hata vya nini.