Mashine Tatu na Ubeti wa Kwanza

Jumamosi, Desemba 13

Mazoezi ya kwaya. Mwalimu Caleb amenipa ubeti wa kwanza. Peke yangu, bila kinanda, kanisa lote likisikiliza. Siku ya Krismasi, saa nne kamili asubuhi.

Nina miaka tisa katika kwaya hii na sijaimba Krismasi hata moja tangu niolewe. Krismasi nane! Kila mara niko mtaani Jericho, jikoni kwa mama mkwe wangu, nasukuma chapati za ukoo mzima. Ndinda husimama mahali pangu. Ndinda ana sauti ya kengele ya baiskeli.

Caleb alinivuta kando. Akasema mwaka huu nisipofika, mahali pale patakuwa pa Ndinda moja kwa moja. Alisema kwa upole. Ndiyo maana nilijua hatanii.

Tatizo ni kwamba chapati haziwezi kupikwa tarehe ishirini na nne. Mama hali chapati iliyolala. Zinaanza saa kumi na mbili asubuhi, zinaisha saa saba mchana. Mpishi ni mimi, mke wa kitinda mimba wake.

Mume wangu Naftaly anasema nimwambie tu Mama. Nimwambie tu! Wanaume hudhani kusema ni njia ya mkato. Mke wa watu hamwambii mama mkwe kwamba anataka kutoka jikoni siku ya wageni. Anatafuta njia.

Nimeipata. Mimi ni karani wa stoo huko Industrial Area, na stoo imenifundisha jambo moja: aliyetia sahihi kupokea mashine ndiye mwenye kazi ya mashine. Mwaka huu zawadi zangu zinatoka mapema. Za jikoni. Zenye manufaa.

Jumanne, Desemba 16

Nimeomba ruhusa nusu siku. Eastleigh, duka la chini kabisa ambako hakuna dirisha. Nilikuwa na orodha.

Adhiambo, mke wa shemeji yangu Mulongo: mashine ya umeme ya kubana chapati. Unaweka donge, unafunika, inatoka duara. Nekesa, wifi yangu: mashine ya kukanda unga, bakuli lake kama karai. Basi hapo kazi imekwisha gawanywa, mmoja akande, mwingine abane. Mama: sufuria ya presha. Hiyo haina kazi kwenye mpango, ila inapiga filimbi, na mtu anayesikiliza filimbi hamwangalii anayetoka mlangoni.

Muuzaji alinifanyia majaribio. Chapati ilitoka kabla hajamaliza kuisifu. Nilionja. Ladha ya bahasha. Lakini mviringo wake! Zangu huwa na pembe, sikatai.

Aliniuliza kama nafungua hoteli. Nikamwambia nafunga.

Jumatano, Desemba 17

Nimeijaribu mashine ya Adhiambo nyumbani kabla ya kuifunga kwa karatasi. Zawadi isiyofanya kazi hurudi kwa mwenyewe.

Ya kwanza ilivunjika kama kigae. Ya pili ilinata. Ya tatu ilitoa moshi. Imenichukua hadi ya kumi na mbili kugundua siri: maji ya moto, mafuta kwenye donge, usibane kwa nguvu, hesabu hadi saba, geuza, hesabu hadi tano. Nimeandika maelezo yote kwenye karatasi, pande mbili, pamoja na mchoro wa mkono.

Naftaly amekula zote zilizoharibika, kumi na moja, bila neno. Alipofika ya kumi na mbili alisema hii ni nzuri. Kisha akasema tena nimwambie tu Mama. Nikamwomba ale, asiongee.

Jumamosi, Desemba 20

Nimegawa zawadi. Ushindi!

Adhiambo alifungua yake sebuleni kwake na kuitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Akauliza nataka nini. Nikasema kwani mtu hawezi kumpenda mke mwenzake wa boma? Akauliza tena nataka nini. Nikamwachia maelezo na kuondoka haraka.

Nekesa alilia. Alinikumbatia mlangoni, akasema tangu ahame kwa mama yake hakuna aliyewahi kumfikiria hivyo. Nilijisikia vibaya nikishuka orofa tatu. Nyumba yake iko orofa ya nne.

Mama alipokea sufuria kwa mikono miwili, akaomba baraka juu yake, kisha akaiweka juu ya kabati la runinga na kuifunika kitambaa chake cheupe cha kushona kwa mkono. Haitapiga filimbi hapo. Si hasara kubwa. Wenye kazi ni wale wawili.

Jumapili, Desemba 21

Mazoezi baada ya ibada. Niliimba ubeti wangu na Caleb alifumba macho. Mara ya mwisho alifumba macho kwa sababu ya Ndinda, lakini ilikuwa sababu nyingine.

Ndinda alikuja na chupa ya maji ya tangawizi. Akasema ni ya koo langu, maana siku yenyewe mimi huwa na unga hadi kwenye kope. Kisha akaniambia nisiwe na wasiwasi, ubeti wa kwanza ameshaushika kichwani, kwa vyovyote. Nilikunywa tangawizi yake yote ili asipate ya kwake.

Jumatatu, Desemba 22

Adhiambo amepiga simu nikiwa kazini. Mashine haifunguki. Nilimweleza ulipo mshikio. Akafungua. Ikawa haifungiki. Dakika arobaini! Mwishowe akauliza kama karatasi ile niliiandika kwa Kikamba cha kwetu.

Nekesa naye ametuma picha. Unga umepanda mkono wa mashine na kuingia ilimofichwa mota. Anauliza kama ni kawaida. Nikamjibu ni kawaida.

Wanajifunza. Ndivyo ilivyo na mashine yoyote mpya.

Jumatano, Desemba 24

Nimekaa sebuleni kwa Mama, naandika nikiwa nimeupa ukoo wote mgongo.

Walifika saa tisa. Adhiambo alibeba sanduku. Nekesa alibeba sanduku. Moyo wangu uliruka. Kisha wote wawili wakayaweka masanduku mezani mbele yangu, mimi, na kuanza kuvua viatu.

Adhiambo akasema: “Hii kitu inakujua wewe, dada. Mimi ikiniona inatoa moshi.”

Nekesa akasema yake pia ameirudisha, si kwamba haipendi, ila mwenye ujuzi yuko hapa na sikukuu ni kesho. Wakanipa zawadi zao. Walikuwa wameshauriana. Wameona mwaka huu nawaza jikoni tu, wakajua ninachokipenda. Adhiambo amenipa aproni iliyotariziwa jina langu. Nekesa amenipa mti wa kusukumia chapati, umechongwa sokoni Gikomba kwa oda, mzito kama rungu la askari.

Halafu Mulongo akasimama. Mulongo hasimami ila ana habari njema. Akatangaza kwamba kwa kuwa mashine zimefika, amewaalika wenzake wa kazini pamoja na familia zao. Unga ulikuwa pakiti tatu. Sasa ni sita.

Naftaly alinitazama kutoka upande wa pili wa chumba. Nilimsikia vizuri sana.

Ndinda ametuma ujumbe. Anauliza kesho avae kilemba cha bluu au cheupe, kwa kuwa anayeanzisha wimbo huonekana sana.

Alhamisi, Desemba 25

Niandike yote kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili nilikuwa nimefunga aproni yenye jina langu. Saa mbili nilikuwa nimetoa chapati kumi na tisa. Mashine inabana moja kwa wakati, haijali una wageni wangapi. Nilipiga hesabu. Kwa mwendo ule ningemaliza saa tatu za usiku.

Saa nne kasoro robo Mama aliingia jikoni. Akachukua chapati moja, akaikunja. Haikukunjika. Ilivunjika katikati, kwa mlio. Akavitazama vile vipande.

“Hii ni ya kuandikia,” akasema.

Akachomoa waya wa mashine ukutani. Akavua saa yake. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akasimama mezani na kulivuta kwake bakuli la unga. Nilishtuka. Mama mkwe akande unga mbele ya mke wa mwanawe, na wageni wako njiani! Nilishika upande wangu wa bakuli. Akashika wake. Tukavutana.

“Kavinya,” akasema. “Mwaka ule wa kwanza uliniambia nini, hapa hapa?”

Nilisema sikumbuki. Nilikumbuka. Nilikuwa nimeolewa miezi miwili na nilitaka kumpiku Adhiambo, aliyekuwa anaosha vyombo kwa bidii mno. Nilimwambia Mama kwamba kuanzia siku hiyo asiguse tena unga wa Krismasi. Kwamba kazi ile ni yangu.

“Nikakutii,” akasema. “Miaka minane nimekaa kwenye kiti nikikuona unatoa chapati za pembe nne. Mimi, niliyepikia harusi za mtaa huu wote.”

Akaendelea kukanda. Unga ulimtii kuliko ulivyowahi kunitii.

“Unaimba saa ngapi?”

Kumbe Naftaly alimwambia tangu siku ile ile ya tarehe kumi na tatu! Nikamuuliza Mama kwa nini hakusema kitu. Akasema alikuwa anangoja nimwombe. Aliona sufuria ikija, akaona mashine zikienda kwa wengine, akasema moyoni, huyu mtoto atafika tu kwangu kuomba. Hadi jana jioni alikuwa bado anangoja.

“Sasa nenda. Kwani ni nani alikufunga hapa?”

Nikavua aproni. Kutoka kwa Mama hadi kanisani ni mwendo wa dakika kumi, nikakimbia kwa sita. Ndinda alikuwa ameshasimama mbele, kilemba cha bluu, mdomo wazi. Caleb aliniona mlangoni na mkono wake ukabaki hewani. Nikapita katikati ya viti nikiwa na unga kwenye viwiko, nikasimama, nikaanza.

Nilianza juu mno. Ni zile mbio. Nilijua kwenye neno la pili na sikuwa na pa kushukia. Lakini nilifika mwisho wa ubeti, kila neno mahali pake, na hakuna aliyekohoa. Ubeti wa pili kwaya ilipoingia, soprano wote walikuwa wamekodoa macho. Ndinda ndiye aliyeishika ile sauti na kuwavuta wenzake wasiporomoke. Lazima niandike hilo. Sitaliandika mara mbili.

Caleb amesema mahali ni pangu. Ila mwakani nifike nikitembea.

Ijumaa, Desemba 26

Nimepumzika na nimefikiri. Funzo ni wazi. Mtu akitaka jambo, aseme. Mama angeniruhusu tangu tarehe kumi na tatu kama ningefungua mdomo. Ningeokoa nusu siku ya ruhusa na tumbo la mume wangu.

Kuna jambo moja dogo tu.

Chapati za Mama jana zilikwisha kabla ya saa tisa. Pakiti sita! Zilikuwa laini, zimekunjika kama leso. Wageni wa Mulongo waliingia jikoni kumpa mkono. Adhiambo akasema mbele ya watu wote kwamba hajala chapati kama zile tangu aolewe. Tangu aolewe! Ameolewa mwaka mmoja na mimi. Hakuna aliyeuliza kuhusu wimbo. Mama akatangaza kwamba Pasaka atapika yeye tena, na mimi nikae kwenye kile kiti chake, nipumzike.

Kiti kile ni cha wazee na wagonjwa. Mimi nimekuwa mpishi wa ukoo huu miaka minane, kwa pembe zangu zote nne, na Pasaka kwaya haina ubeti wa mtu mmoja. Nataka jiko langu.

Naftaly anasema nimwambie tu Mama.

Kesho narudi Eastleigh. Zile mashine mbili watanibadilishia. Niliona beseni la umeme la kukanda miguu, linatoa mapovu, lina kamba fupi sana ya umeme. Mtu mwenye miguu ndani ya maji ya moto hasimami kukanda unga.

Nitamwambia ni zawadi ya Mwaka Mpya.