Upepo Kwanza, Maji Baadaye

Jumanne, 12 Septemba

Siku ya nne tangu kimbunga. Nusu ya paa la jikoni iko uani kwa jirani yangu, Ovide Naquin. Amelitumia kufunika kuni zake na anakataa kulirudisha. Anasema kilichoangukia kwake ni chake. Nimemwambia basi na tope lililoingia kwake ni lake. Amejibu kwamba ni lake kweli, na amelikatia bima.

Hapo ndipo penye tatizo. Mimi nina bima ya upepo. Ya maji niliiacha miaka miwili iliyopita, nikanunua injini ya mashua. Philomene, mke wangu, hajui. Ovide ana bima ya maji, ya upepo hana. Nyumba zetu zimeachana hatua kumi na mbili. Kimbunga kilikuwa kimoja, na bima hulipa kilichotangulia. Kwangu lazima kiwe upepo. Kwake lazima kiwe maji.

Philomene alikimbilia Shreveport, mbali na pwani, kwa dada yake, Clotilde. Amepiga simu mchana. Nyumba ni ya ukoo wake, aliijenga babu yake. Clotilde amempatia mnunuzi wa kiwanja. Philomene anasema amechoka kukimbia kila Septemba na paka kwenye kapu. Ikifika Jumamosi ya tarehe 23 na jiko lake bado liko wazi juu, anatia saini ya kuuza.

Nimemwambia paa litakuwepo. Ameuliza kwa fedha zipi. Nimesema za bima. Amesema ni heri tulikata zote mbili. Nimesema simu inakatika.

Jumatano, 13 Septemba

Nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu ya kopo, kama kila mtu hapa Pointe Desmarais, namba ya nyumba na jina la kampuni ya bima, ili mkadiriaji wake wa hasara asipotee. Nikaongeza UPEPO. Ovide ameona, naye akaandika MAJI, kubwa kuliko langu. Nikaongeza TU. Naye akaongeza TU. Rangi imekwisha.

Kisha kituo cha misaada, katika ukumbi wa michezo wa shule. Nilikuwa mtu wa 114 kwenye foleni. Mezani kulikuwa na binti mmoja, Renata Quiroz, mpole, pua imebabuka kwa jua. Ameeleza kwamba serikali haimsaidii mwenye bima mpaka bima imkatae kwa maandishi. Nimeuliza, yaani nimwombe Mungu wanikatae?

"Mungu usimsumbue, mzee. Niletee barua."

Na wakinikubalia? Basi sitahitaji kuja. Na wakinikubalia nusu? Nije na nusu iliyobaki. Na wasiposema lolote? Basi bado sijakataliwa. Nimetoka nje nikiwa sijui nitamani kitu gani. Nimepewa katoni mbili za maji. Nimeondoka kwenye nyumba iliyojaa maji, nimerudi nimebeba maji.

Nimeamua kutamani kulipwa. Kikwazo ni kimoja: mwimo.

Mwimo, ile nguzo ya mbao ya pembeni mwa mlango wa jikoni, una mistari ya kila kimbunga tangu enzi za babu yake Philomene. Mwenye nyumba huchora mstari pale maji yalipofika, akaandika tarehe na saa. Haufutwi. Haupakwi rangi. Asubuhi ya tarehe 9, kabla sijafikiri lolote kuhusu bima, nilitimiza wajibu wangu kwa mwandiko safi: "Maji yaliingia saa kumi alfajiri, yakafika magotini. Paa liliondoka saa kumi na mbili."

Ningeweza kukosea saa. Sikukosea.

Nimesukuma kabati la vyombo mbele yake. Halionekani jambo.

Alhamisi, 14 Septemba

Jenereta tunayochangia na Ovide imeishiwa petroli, na petroli haipatikani. Friza zimeanza kutoa machozi. Hapa kwetu friza ikianza kulia, mtu hutoa kila kitu, huwasha jiko la gesi uani na kulisha mtaa. Nimetoa kilo ishirini za kamba, bata sita na kaa. Nimepika mchuzi wa bamia katika sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Ovide alileta mchele na dharau. Alisema mchuzi wangu ni mweupe kama mgonjwa. Alikula bakuli nne.

Kabla ya kupika nilikuwa nimesoma hati yangu ya bima, ukurasa wa kumi na saba. Inalipa chakula kilichoharibika kwa kukatika umeme. Nimeandika orodha: kamba kilo ishirini, bata sita, kaa. Chanzo cha hasara: kuoza. Sioni uongo hapo. Vingeoza.

Alikuja pia mgeni mwenye kofia ya majani, mwekundu, amechoka. Hapa hatumuulizi mtu jina akiwa anakula. Nimempa bakuli, kisha la pili, kisha la tatu. Aliuliza kama kamba wale ni wa dukani. Nimemwambia, bwana, hao wote wametoka friza yangu mwenyewe, kilo ishirini, wabichi kama walivyovuliwa, hakuna hata mmoja aliyeharibika. Amesema hajapata kula chakula kama hicho tangu aondoke Nebraska. Mtu mwema.

Ijumaa, 15 Septemba

Mkadiriaji wa hasara amefika saa tatu asubuhi na ngazi. Amevaa kofia ya majani.

Anaitwa Haskell Pruitt. Amenisalimu kwa heshima, akafungua orodha yangu, akaisoma kwa muda mrefu. "Pole sana kwa msiba wa kamba, Bwana Trosclair," amesema. Kisha amekata mstari kwa kalamu, pole pole, kama mtu anayemfunika marehemu.

Amepanda ngazi. Ameshuka. Ameuliza kilitangulia nini. Nimesema upepo. Ameuliza kwa hakika? Nimesema nilikuwepo, nikiwa juu ya meza. Ameuliza kwa nini nilikuwa juu ya meza kama maji yalikuwa bado. Nimesema ni mazoea.

Alikuwa anaanza kuandika. Niliona neno upepo kwa macho yangu. Ndipo Ovide akaingia bila kubisha. Kumbe Pruitt huyohuyo ndiye anayekadiria bima ya maji ya Ovide, na Ovide alikuwa ameombwa ushahidi kwamba maji yalitangulia upepo.

"Ushahidi upo hapa hapa," amesema Ovide. "Umeandikwa na mtu asiyekosea. Alcide, hebu shika upande ule."

Na mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nimeshika upande ule. Tumelisogeza kabati pamoja. Ni hapo katikati ndipo nilipoelewa ninafanya nini, lakini huwezi kumwachia mwenzako kabati lenye vyombo.

Pruitt amesoma mwimo wote kuanzia chini, akiwa amevua kofia. Amepiga picha. Amesema ni kumbukumbu bora kuliko ya idara yoyote. Kisha akanieleza: maji yalitikisa nguzo, nguzo zikainamisha ukuta, ukuta ukaachia paa. Kwa hiyo paa langu limechukuliwa na maji. Nimemuuliza maji yalifikaje kule juu. Amesema hayakufika, hayakuhitaji kufika.

Nimelifikiria jambo hilo mchana kutwa. Bado sijalielewa.

Jumapili, 17 Septemba

Sisemi na Ovide. Yeye anasema na mimi, kupitia ua. Amesema sikutaja kwenye orodha kwamba mchuzi ulikuwa na chumvi nyingi, hiyo nayo ni hasara.

Philomene amepiga simu. Nimemwambia mkadiriaji ameipenda nyumba, hasa mwimo. Ameuliza kama mstari wa mwaka anaouita wa meza bado unasomeka. Nimesema kila kitu kinasomeka, hilo ndilo tatizo. Ameuliza tatizo gani. Simu ikakatika, safari hii kweli. Hataamini.

Jumanne, 19 Septemba

Barua imefika. Nimekataliwa. Nimekaa kwenye ngazi nusu saa kama mfiwa. Halafu nikakumbuka maneno ya binti Quiroz: niletee barua. Nimekataliwa! Nimevaa shati safi.

Binti ameisoma na kusema imekaa vizuri sana, haijawahi kuja barua iliyokataa kwa ufasaha namna hiyo. Nimeona fahari. Kisha ameomba hati ya nyumba. Hati ina jina la babu yake Philomene, aliyefariki kabla mimi sijaoa. Hakuna aliyewahi kuibadilisha. Hapa nyumba hurithiwa kwa kuendelea kukaa ndani yake. Ameuliza kama nina chochote kinachoonyesha kwamba ukoo huo umeishi hapo miaka yote. Chochote chenye tarehe na mwandiko.

Nimemwambia ninacho. Ameniambia nikilete.

Jumatano, 20 Septemba

Nimeleta msumeno. Mwimo ni mti wa msipresi, mgumu kama Ovide. Kazi ya saa mbili. Ovide amesimama uani kwake akiuliza ninafanya nini. Sikujibu. Amesema mwimo huo unashikilia boriti. Nilitaka kumjibu kwamba mimi ndiye niishiye chini ya boriti hiyo, naijua.

Umetoka mzima, bila mkwaruzo. Nilikuwa nimefika nao kwenye ngazi nilipousikia mlio nyuma yangu. Nusu ya paa iliyokuwa imebaki imeshuka yote jikoni.

Hakukuwa na upepo. Hakukuwa na maji. Nimesoma hati yangu ukurasa kwa ukurasa. Msumeno haumo.

Alhamisi, 21 Septemba

Mwimo hauingii kwenye gari langu. Unaingia kwenye pikapu ya Ovide. Tumezungumza. Yeye naye ameambiwa msimamizi wa Pruitt atakuja kuutazama mwimo kwa macho yake, la sivyo halipwi. Kwa hiyo hataki uondoke machoni pake hata kwa dakika moja. Nimekubali aupeleke hadi mjini, kwa sharti arudishe nusu yangu ya paa. Amekubali, kwa sharti nikiri kwamba mchuzi ulikuwa mweupe. Tumefika kwenye daraja ndipo nikakiri.

Tumeingia kwenye ukumbi tumeubeba begani, mmoja mbele na mmoja nyuma. Watu wamevua kofia wakidhani ni mazishi.

Binti Quiroz ameutazama. Ametutazama. "Mzee Alcide," amesema kwa upole sana, "simu yako haina kamera?"

Ovide amecheka mpaka akauweka mwimo chini. Simu yangu ina kamera. Sikuwa nimeulizwa.

Binti ameupiga picha na kusema ushahidi unatosha. Kesho mafundi watakuja kutufungia turubai la buluu. Mkaguzi atafuata baada ya wiki tatu, pengine nne, na baada yake jibu. Nimemwambia nina siku mbili. Amesema siku mbili ni turubai.

Ijumaa, 22 Septemba

Turubai limefungwa. Jiko sasa ni la buluu, pamoja na mimi. Je, turubai ni paa? Nimemuuliza Ovide. Amesema ni paa kwa mwanamume, si paa kwa Philomene. Amempigia simu mke wangu bila ruhusa yangu, akamwambia nimeukata mwimo. Nimemuuliza ni ujirani gani huu. Amesema mwanamke ana haki ya kujua habari za mwili wa nyumba yake.

Nimelala vibaya.

Jumamosi, 23 Septemba

Philomene amefika saa nne asubuhi, amesafiri tangu alfajiri, na paka kwenye kapu. Hakutazama turubai. Hakunitazama mimi. Ameuliza, uko wapi.

Tumemwonyesha, kwenye pikapu. Amepitisha kidole kwenye mistari kutoka juu kwenda chini, akasimama kwenye ule wa mwaka wa meza. Mwandiko wa baba yake, niliokuwa nimeupita mara elfu bila kuusoma: "Maji futi mbili. Philomene amezaliwa juu ya meza. Wote wazima."

Alikuwa na karatasi ya mnunuzi mkobani. Ameitoa, akaifutia tope kwenye mwimo, akaitupa.

"Huu unarudi mahali pake leo," amesema. "Na mimi narudi mahali pangu. Ovide, lete nyundo. Alcide, wewe usiguse kitu."

Kwa hiyo nyumba haiuzwi. Nimemweleza wakati akipigilia misumari kwamba hilo ndilo nililokuwa nimekusudia tangu mwanzo: ukate mwimo, na mwenyewe atarudi. Ovide alikuwa na misumari mdomoni, hakuweza kusema. Philomene alikuwa na nyundo mkononi. Nikaona niende nikatazame mashua.

Amenikuta huko. Ameiona injini. Ameuliza niliinunua kwa fedha zipi. Simu haikuwepo ya kukatika.

Jumapili, 24 Septemba

Injini imeuzwa. Ovide ameinunua kwa nusu ya bei. Anasema imelowa maji, ana ushahidi. Philomene mwenyewe amekata bima ya maji kwa jina lake, na ya upepo pia, na karatasi zote zimo ndani ya kapu la paka.

Lakini nimeisoma hati mpya alipokuwa kanisani. Bima ya maji haianzi kazi mpaka zipite siku thelathini. Ya upepo imeanza leo. Na redio inasema kuna tufani nyingine inajikusanya ghubani. Philomene hakuliona hilo. Ni mimi tu niliyeliona.

Nimesogea kwenye mwimo. Juu ya mstari wangu kuna nafasi nzuri. Nimeacha tarehe wazi, nikaandika kwa mwandiko safi: "Upepo uliondoa turubai saa nane usiku. Maji yaliingia saa kumi."

Nimetumia wino usiofutika. Kabati nimelirudisha mbele yake, ili Ovide asiuone kabla ya wakati.