Vita vya Katekista Damas na Jogoo wa Usoke

Njoni, enyi wana wa Usoke, mlio mashambani na mlio kando ya reli, tegeni masikio niwasimulie vita ambavyo Wazungu, kwa kuwa walikuwa na vita vyao wenyewe wakati ule, hawakuviandika popote. Na wewe uliyekwisha kuanza kutabasamu, hebu ngoja! Sijafika bado pa kucheka.

Ulikuwa mwaka wa njaa, mvua imetupa kisogo, na muhogo umekuwa mgumu kama kuni. Ndipo alipofariki mzee Ngollo, mrina asali mashuhuri, akamwacha mjane wake, Bibi Josepha, na mwana wao Damas, katekista wetu: Damas mwenye shingo isiyoinama, Damas wa kanzu iliyonyooka kwa pasi, ambaye meno yake hakuna aliyejua idadi, maana hakuna aliyewahi kuyaona.

Sikieni kosa la shujaa. Tangu babu zetu walipokatiza Ugogo na pembe za ndovu mabegani wakielekea pwani, Wagogo ni watani wetu. Msiba ukitokea, mtani huja akamkejeli hata marehemu, akalala mlangoni akidai kuku wake, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Basi Chiwanga, Mgogo wa kazi ya reli, alifika matangani amejipaka majivu usoni, tayari kwa kazi yake. Damas akamzuia uani.

"Huu ni msiba wa Kikristo, si kilabu cha pombe!" akanguruma. "Rudi ulikotoka!"

Chiwanga akarudi. Matanga yakaanuliwa bila mtu kucheka hata kidogo, na Bibi Josepha akageukia ukuta, uji akaukataa. Damas akamsomea zaburi, akamhutubia habari za Ayubu kuanzia jipu la kwanza hadi la mwisho. Mama akafumba macho tu. Mifupa ikaanza kumtoka. Sisi majirani tuliona maziko ya pili yanakuja, na Damas aliyaona kuliko sisi sote.

Hapo ndipo simba yule aliposhuka. Akaenda mwenyewe stesheni, akapiga magoti juu ya kokoto za reli mbele ya Chiwanga.

"Mtani wangu," akasema, "nilikufukuza, nami nilikosa. Mama yangu anakufa. Njoo utucheke."

"Loo! Kumbe magoti ya katekista yanakunjika!" akajibu Chiwanga. "Nitakuja, ewe mtumwa wangu. Lakini kuku wangu wa msiba sijamsamehe. Utamkamata wewe mwenyewe, na kanzu yako mwilini, mbele ya mama yako."

Asubuhi yake Bibi Josepha akatolewa uani, akaegemezwa ukutani, bakuli la uji kando yake. Naye jogoo akajitokeza: jogoo mwekundu, mwenye taji, bwana wa jalala, aliyewashinda mwewe, kicheche na Krismasi.

"Jisalimishe, ewe kiumbe!" Damas akapaza sauti, akipandisha kanzu magotini. "Jisalimishe, damu isimwagike bure!"

Jogoo akamtazama kwa jicho moja, akatimka. Wakalizunguka ghala, wakaangusha kinu, wakatupenya sisi watazamaji. Vumbi likapanda hata jua likafifia, au basi tuseme mimi nilikohoa sana. Mwishowe jogoo akajitosa ndani ya mzinga wa nyuki wa marehemu, lile gogo kuukuu lililokwisha kuhamwa na nyuki, lililolala nyuma ya jiko, wazi huku na huku. Damas, bila kushauriana na mtu, akamfuata kwa kichwa na mikono yote miwili. Jogoo akatokea upande wa pili. Damas hakutokea.

"Mama!" gogo likavuma. "Mama, nimekwama!"

Kisha tukasikia sauti ya kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Bibi Josepha alikuwa anacheka! Akacheka akishika mbavu, akacheka hadi machozi, nayo machozi yakageuka kilio chenyewe, akamlilia mumewe kwa jina, kisha akacheka tena.

"Baba yake naye alikwama humo humo, mwaka alionioa!" akasema akihema. "Vichwa vya ukoo huu! Ngollo wangu, umemwona mwanao?" Akapapasa kando yake. "Huo uji uko wapi?"

Chiwanga akaishika miguu ya shujaa ili amvute.

"Acha!" likanong'ona gogo. "Mtani, usinivute. Anakunywa?"

"Anakunywa."

"Amemaliza?"

"Bado. Na kila akikutazama anapaliwa."

"Basi niache humu humu."

Nasi tukasimama kwa heshima, kanzu ya katekista ikiwa imepanda pasipofaa kutajwa, mpaka mama alipolamba bakuli na kuomba jingine.

Wengine na waandike habari za miji iliyotekwa. Sisi wa Usoke tunaihesabu miaka tangu siku ile. Jogoo hakukamatwa kamwe, na mzinga hatukuruhusu mtu auchanje kuni. Kila huzuni ilipomrudia Bibi Josepha, alimwambia mwanawe, "Damas, baba, mzinga upo." Naye Damas, mbele ya yeyote aliyekuwapo, akaanza kupandisha kanzu.