Mbumbumbu ni Mwingine

Jumatatu, 4 Machi
Leo Miwani, fundi mwenzangu wa cherehani ya dirishani, kaniita mbumbumbu. Mbele ya mteja! Kisa, zipu ya kujificha imenishinda. Nikajifanya sikusikia, nikakanyaga pedali mpaka uzi ukakatika. Nimemsamehe papo hapo. Ila nimeliweka moyoni.

Jioni nikamdodosa mke wangu kwa mbali, eti neno hilo lina maana gani. Akasema baba watoto, mbumbumbu si mtu asiyejua, kila mtu ana asilolijua. Mbumbumbu ni asiyejua na haulizi. Akataka kujua nani kaniita hivyo. Nikasema nimelisikia redioni. Mungu anisamehe.

Nimelitafakari kwenye sala. Nimelielewa hivi: ukiuliza, watu wanajua hujui. Basi mimi siulizi tena.

Jumanne, 5 Machi
Mama Mwenye Duka katangaza. Atakayesimamia majoho ya kwaya, yakawa tayari kabla ya Jumapili, ndiye fundi mkuu. Kwaya yenyewe ya kanisani kwangu, na mke wangu anaimba sauti ya pili. Kama huu si mkono wa Mungu, sijui ni wa nani.

Imeletwa na mashine ya umeme ya kukatia, inapita tabaka nyingi za kitambaa kwa mpigo. Mama akauliza nani anaijua. Miwani akakuna kichwa. Mimi nikasema hiyo mbona naijua siku nyingi, kazi nikapewa.

Jumatano, 6 Machi
Nimetandaza satini tabaka juu ya tabaka, zote zimeangalia juu kwa upande unaong'aa. Inapendeza. Miwani akapita, akasimama, akasema kaka, una uhakika hapo? Kama hujui si uulize. Wivu huo. Nikamjibu wengine tumezaliwa na mkasi mkononi. Nikawasha. Raha yake! Mikono ya majoho yote imekatika kabla ya chai.

Alhamisi, 7 Machi
Mikono yote ni ya kushoto. Kwaya nzima.

Kumbe tabaka hutazamana, ng'avu kwa ng'avu. Miaka yote nakunja kitambaa, napitisha mkasi, mkono wa kulia na wa kushoto inatoka yenyewe. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nikamwambia Mama ni mtindo mpya. Akalivaa joho moja. Upande wa kulia ukamsokota, kiwiko kikaangalia dari. Akalivua, akalikunja, akaniwekea mezani. Ningeona afadhali angenifokea.

Miwani akampigia simu aliyeuza mashine, akamuuliza kila kitu kama mtoto wa chekechea, tena kwa sauti. Kisha akakata mikono ya kulia kwenye kitambaa kilichobaki. Mimi nikapewa kazi ya vifungo.

Jumapili, 10 Machi
Kwaya imependeza, kila mtu na mikono yake miwili. Fundi mkuu ni Miwani.

Baada ya ibada akaja kutusalimia. Akamuuliza mke wangu, shemeji, hiyo sauti ya pili ndiyo nini hasa? Mbele ya waumini wote. Mtu mzima, cheo kipya, hajui, na anatangaza. Nimemwonea huruma. Mbumbumbu wa watu. Nimemwombea.

Mke wangu akamweleza taratibu, akaniangalia, akaniuliza kama na mimi nimeelewa. Nikacheka tu.

Kesho inaletwa pasi ya mvuke. Nimeshamtuma mtu amwambie Mama naijua vizuri sana.